Nyumba ya matofali upake rangi gani? Anza kwa kuangalia mota

Nilinunua ndoo ya lita 20 ya rangi nyeupe pe kwa ajili ya fremu za madirisha, mbao za ukingo wa paa na kipande cha ukuta wa mbele kilichopigwa lipu. Matofali yangu ni mekundu ya kuchoma, yenye uchungwa kwa mbali, na nilikuwa nayapenda sana. Fundi alipomaliza mkono wa pili nikatoka hadi getini kuangalia nyumba, nikaona ukuta mchafu. Madirisha yalikuwa yanang'aa, ila ukuta wa matofali ulionekana kama haujawahi kunyeshewa mvua. Nikadhani ni vumbi la msasa, nikausugua kwa brashi na maji. Ulipokauka ukarudi vilevile. Nikasogea karibu kabisa, nikaona kilichoniponyoka miaka yote: mota, yaani mchanganyiko wa kuungia matofali, iliyo kati ya tofali na tofali haikuwa nyeupe wala kijivu. Ilikuwa rangi ya mchanga, inaelekea njano, na weupe ule mkali uliifanya ionekane kama uchafu.

Kuhusu rangi ya paa, ukubwa wa nyumba na mtindo wake umeshaambiwa vya kutosha, siyarudii. Mota ndiyo haisemwi. Chukua tofali la kipimo cha Uingereza, urefu milimita 215 na kimo milimita 65, na jointi, yaani pengo linalojazwa mota, ya milimita 10. Ukipiga hesabu ya sura ya ukuta, asilimia 17 hivi ni mota. Ni karibu sehemu moja katika kila sita! Tena tofali moja lina wekundu, uchungwa na madoa meusi ya moto, ilhali mota ni rangi moja iliyotandaa ukuta mzima. Jicho linapotafuta kitu cha kulinganisha na fremu ya dirisha, linaikuta mota kwanza. Na kwa kuwa rangi yake inategemea sana mchanga uliotumika, nyumba mbili zenye matofali yaleyale zinaweza kuhitaji rangi tofauti kabisa.

Sasa chaguo zangu, kuanzia bora.

Ya kwanza ni Alabaster ya Sherwin-Williams, namba SW 7008. Ni nyeupe yenye ukrimu, yaani rangi ya krimu kwa mbali, na kwenye mota ya rangi ya mchanga inakaa kama ndugu wa damu. Kampuni hii naipenda na sifichi. Kila rangi yao ina kiwango cha kuakisi mwanga, kinachoandikwa LRV, kutoka 0 ya weusi mtupu hadi 100 ya weupe mtupu, kwa hiyo unajua unanunua nini kabla ya kufungua kopo. Alabaster ni 82. Kwenye jua la nje rangi yoyote huonekana imepauka kuliko ilivyo kwenye kadi, hivyo ukrimu unaouogopa dukani hutausikia ukutani.

Ya pili ni Urbane Bronze, SW 7048, ya kampuni hiyohiyo, waliyoitangaza kuwa rangi yao ya mwaka 2021. Ni kahawia iliyozama, LRV 8. Hii ni ya wenye mota ya kijivu iliyokoza, na inafanya tofali jekundu lionekane limetoka tanuruni jana. Ila rangi nzito hivi hunywa joto la jua, kwa hiyo usiipake kwenye fremu za plastiki, zinaweza kupinda.

Ya tatu ni kijani cha mzeituni, kwa mlango na vifuniko vya madirisha tu. Kijani kinatazamana na wekundu kwenye duara la rangi, ndiyo maana vinapendezana, lakini kiwe kimefifia. Kijani kibichi kando ya tofali kinagombana nalo.

Nyeupe pe naiweka chini, ni ya mwenye mota nyeupe kweli. Na kijivu, ambacho kila mtu anakitaka, nakiweka mwisho. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha Gobelins jijini Paris, alieleza mwaka 1839 kwamba rangi zikikaa jirani kila moja humsukuma mwenzake mbali. Weka kijivu karibu na tofali la uchungwa, utaona kinageuka samawati baridi. Hukununua samawati, lakini ndiyo utakayoishi nayo.

Rangi za bei ya chini zina chembe chache za rangi na gundi kidogo, kwa hiyo hupauka mapema. Sina la kuongeza.

Kinachoniuma ni wauzaji. Niliyekwenda kwake alinionyesha kipande cha kadi kisichozidi kidole gumba, chini ya taa za tyubu, akaniambia nyeupe ni nyeupe. Hakuniuliza hata mara moja ukuta wangu ni wa nini. Niliporudi na ndoo ambayo sikuwa nimeitumia hata nusu, akasema rangi iliyochanganywa hairudishwi. Mwingine akaniahidi kuniigizia Alabaster kwenye rangi ya kampuni nyingine, "itatoka ileile". Ilitoka na uwaridi. Wanachanganya kwa mashine, wanakupa kopo, na kosa linabaki kuwa lako! Mtu anayeuza kitu kisichorudishwika angalau amuuze mteja kopo dogo la majaribio kwanza, na amwambie kwa nini.

Kopo hilo lidai. Paka mikono miwili kwenye ubao wa sentimita 60, usimamishe wima ukutani, ukingo wake ukigusa mota na si tofali peke yake. Uangalie asubuhi, saa sita na jioni. Kisha mwagia maji ukuta uliopo pembeni mwa ubao, maana tofali na mota vikilowa hukoza, na rangi iliyopendeza pakavu inaweza kukukataa siku ya mvua. Ubao wa Alabaster niliumwagia ndoo nzima. Mota ilikoza ikawa kama mchanga wa mtoni, na ubao ukabaki umetulia kando yake. Siku hiyo ndipo nikamwita fundi arudi.