Firefox ya Snap kwenye steshenari yangu: nimekaa nayo, nimeitoa, nimeirudisha

Nina steshenari ndogo Ng'ong'ona, jirani na UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), yenye kompyuta tatu za mtumba. Zote zinatumia Ubuntu, mfumo endeshi wa bure unaokaa mahali pa Windows, kwa sababu moja tu: flashi za wanafunzi. Enzi za Windows kila wiki nilikuwa nasafisha vile virusi vinavyogeuza mafaili ya watu kuwa shotikati. Nilipohamia Ubuntu 20.04 nikapumzika. Firefox, kivinjari cha intaneti, ilikuja kama deb ya kawaida (namna ya zamani ya kufungasha programu za Ubuntu), inafunguka, inaprinti, sikuwahi kuifikiria.

Nikapandisha kwenda 22.04, toleo la Aprili 2022, na Firefox ikahamishwa kutoka deb kwenda Snap. Kwa asiyejua tofauti: deb inatawanya vipande vya programu ndani ya mfumo na kuazima maktaba, yaani vipande vinavyotumiwa na programu nyingi, zilizokwishakuwepo. Snap ni faili moja lililobanwa, limebeba karibu kila kinachohitajika, na programu yake inaishi ndani ya uzio. Na usidhani utakwepa. Ukiandika `sudo apt install firefox` kama ulivyozoea, inashuka deb tupu ambayo kazi yake ni kwenda kuivuta hiyo Snap. Mimi naiita danganya toto.

Nitoe haki yake kwanza. Siku ya kuhama hakuna kilichopotea. Nilipoifungua, ilinakili yenyewe mambo yangu kutoka kwenye folda ya zamani ya `.mozilla`, alamisho (kurasa nilizozihifadhi) na paswedi zote zikawepo. Binti anayenisaidia dukani hakujua hata kama kuna kilichobadilika.

Alichojua ni kwamba imekuwa nzito. Kwenye ile kompyuta kuukuu, yenye RAM GB 4 na diski ya kuzunguka, kuifungua kwa mara ya kwanza asubuhi kulichukua sekunde 24. Nilihesabu kwa simu. Ukiifunga na kuifungua tena inakuja haraka, lakini asubuhi ya msimu wa maombi ya mkopo, watu sita wamejipanga mlangoni na vumbi la Agosti linaingia, hizo sekunde 24 ni ndefu. Kwenye kompyuta mbili niliweka SSD, diski ya kasi isiyozunguka, na tatizo likaisha. Ya tatu sikuona sababu ya kuigharamia, ni mzee anayengoja kustaafu.

Kisha uzio ukanionesha makali. Nilikuwa na ukurasa wa bei za duka, kuprinti, kopi, kubaindi, nimeuficha kwenye folda ya `.bei` (nukta ya mwanzo ndiyo inayoificha) wanafunzi wasiuchezee. Firefox mpya ikagoma kuufungua, inasema nimenyimwa ruhusa ya kufikia faili. Kwenye kompyuta yangu mwenyewe! Nilibadilisha ruhusa za faili mpaka nikachoka, kumbe Snap ya kawaida hairuhusiwi kugusa folda za nyumbani zinazoanza na nukta. Baada ya hasira kupoa nilikubali kwamba ni jambo la maana, maana humo ndimo programu nyingine zinamoweka siri zao, na kivinjari ndicho kinachokutana na kila takataka ya intaneti. Ila ujumbe ungesema hivyo, nisingepoteza jioni nzima.

Kubwa kuliko yote ni bando. Kiswahili chetu kina neno moja, kifurushi, kwa programu na kwa intaneti, na hapa dukani kimoja kilikuwa kinakula kingine. Kwa kawaida Snap inatafuta masasisho mara nne kwa siku bila kuuliza. Firefox peke yake inapita MB 200, halafu kuna maktaba za pamoja, na mimi nina kompyuta tatu zinazokunywa kwenye hotspoti ya simu moja. Siku moja bando la wiki liliisha Jumanne. Kosa ni langu, sikuwa nimesoma. Binti naye alikuwa na lake: kwenye kioo kulitokea taarifa kwamba sasisho la Firefox linasubiri, afunge programu, zimebaki siku 13. Akanipigia simu: "Bosi, wametupa notisi, tunahamishwa."

Hapo nikaamua kuing'oa. Tangu Januari 2024 Mozilla wenyewe, watengenezaji wa Firefox, wana hazina yao ya mtandaoni ya kupakulia deb za Firefox, nikaiongeza, nikaipa kipaumbele kwenye mipangilio ya apt, kisakinishi cha deb, ili ile danganya toto isirudi, nikaondoa Snap kwa amri moja. Firefox ikafunguka chapchap, ikiwa na alamisho za siku niliyopandisha mfumo. Yote ya baadaye yalikuwa ndani ya folda ya Snap niliyoifuta, pamoja na paswedi ya barua pepe ya duka ambayo binti aliibadilisha na hakuiandika popote.

Nilikaa chini kabisa. Kilichoniokoa ni amri ya `snap saved`. Snap ikiondolewa, mfumo unahifadhi nakala ya data zake kwa siku 31, na yangu ilikuwa hapo na namba yake. Nikarudisha Snap, nikaandika `sudo snap restore` na ile namba, kila kitu kikarudi. Safari hii niliwasha kwanza ulandanishi wa akaunti ya Mozilla, unaotunza nakala ya alamisho na paswedi mtandaoni, ndipo nikagusa kingine. Deb haina huruma ya aina hiyo, lakini deb pia haiweki vitu vyako mahali ambapo kuifuta kunavifuta.

Sasa mzee anatumia deb ya Mozilla na anafungua bila kulalamika. Zile mbili zenye SSD nimeziachia Snap, ila nimefunga masasisho ya kujiendesha kwa `sudo snap refresh --hold`, na Jumapili usiku bando likiwa na nafasi nayaita mwenyewe. Kwa mwenye kompyuta nzuri na intaneti ya waya, naipa nyota nne kati ya tano. Kwa anayehesabu MB kama mimi, mbili na nusu mpaka atakapojifunza hiyo amri.

Folda ya bei sasa inaitwa `bei`, bila nukta. Wanafunzi wameshaichezea mara mbili, na wiki jana kopi moja ilikuwa shilingi sifuri.