Programu ya Feeder: Kusoma Blogu kwa Milisho, Mwanza hadi Nansio

Feeder ni programu ya Android ya kusomea milisho, yaani orodha za machapisho mapya ya blogu, katika miundo ya RSS na Atom. Inatolewa bure, haina matangazo, wala haimlazimishi mtu kufungua akaunti. Ninaitumia hapa Mwanza kufuatilia blogu za uvuvi, za kilimo na za wenzangu wanaoandika kuhusu Ziwa Viktoria, na maoni yangu ni kwamba inamfaa mwanablogu kuliko inavyomfaa msomaji wa kawaida, kwa sababu inamwonyesha maandishi yake jinsi yanavyowafikia wengine.

Mlisho ni faili la XML (maandishi yaliyopangwa ili programu iyasome) ambalo blogu hulisasisha yenyewe kila chapisho jipya linapotoka, likiwa na kichwa, tarehe, kiungo, na ama makala nzima ama muhtasari wake. Programu ya msomaji hulipitia faili hilo kila baada ya muda na kuchukua yaliyoongezeka. Utaratibu huu ulianzia katika kampuni ya Netscape mwaka 1999, toleo la RSS 2.0 likafuata mwaka 2002, na Atom ikachapishwa kuwa kiwango cha intaneti mwaka 2005. Google ilipoifunga Reader, huduma yake ya kusomea milisho, mwezi Julai 2013 wengi waliuzika mlisho mapema mno, ilhali podikasti nyingi husambazwa kwa RSS hadi leo.

Tofauti ya Feeder na huduma kama Feedly au Inoreader ni kwamba haina seva, yaani kompyuta ya mtandaoni, ya kukukusanyia makala. Simu yako yenyewe ndiyo inayobisha hodi kwenye kila blogu. Makala hufika kwa mpangilio wa tarehe, bila mtu wa kati kuamua kipi ukione na kipi kifichwe. Anayehofia bando anaweza kuiagiza isasishe milisho na kupakua picha pale tu simu inapokuwa kwenye Wi-Fi, nami naona mpangilio huo ndio wa kwanza kubadilishwa.

Hata hivyo, ukosefu wa seva una gharama yake. Mlisho wa blogu iliyojengwa kwa WordPress, usipobadilishwa, hubeba machapisho 10 ya mwisho peke yake. Kwa hiyo simu ikizimwa wiki nzima na blogu ikatoa makala 14 katika muda huo, zile nne za mwanzo hazitaonekana kamwe ndani ya Feeder. Mwandishi wa habari anayefuatilia tovuti zinazochapisha mfululizo kutwa nzima atafute huduma yenye seva, hata kwa kulipia.

Suala lililonigusa zaidi ni lile la muhtasari. Ndani ya meli ya kwenda Nansio, ambako mtandao huja na kuondoka, blogu iliyoweka makala nzima kwenye mlisho husomeka mwanzo hadi mwisho, wakati iliyoweka muhtasari humwachia abiria aya moja na kiungo kisichofunguka. Wanablogu wengi huchagua muhtasari wakiogopa kupungukiwa na wageni wa tovuti au kunakiliwa na tovuti za wizi. Hofu ya pili ina msingi, lakini mwizi aliyedhamiria hunakili ukurasa wenyewe vilevile, na anayeumia ni msomaji mwaminifu. Feeder inaweza kuvuta makala nzima kutoka kwenye tovuti, ila ni lazima uiagize hivyo kwa mlisho husika kabla ya kuondoka bandarini.

Haina toleo la kompyuta, na kwa anayesoma zaidi ofisini hilo linatosha kuikataa. Kuihama ni rahisi, kwani orodha yote ya milisho hutolewa kama faili la OPML ambalo programu nyingine hulipokea. Mwanablogu atakayeipakua aanze kwa kuongeza anwani ya blogu yake mwenyewe. Ikiwa mlisho hautapatikana, aongeze /feed/ mwishoni mwa anwani kama anatumia WordPress, au /feeds/posts/default kama anatumia Blogger.