Kituo cha Mabasi cha Preston: Zege Linalomjali Abiria

Preston, mji wa kaskazini mwa Uingereza uliotajirishwa na viwanda vya pamba ambavyo vimekwisha kufungwa, una kituo cha mabasi kilichofunguliwa mwaka 1969, ambacho nakihesabu miongoni mwa majengo bora ya zege lisilofunikwa kwa lipu. Kingo za ghorofa zake za maegesho zimepindwa juu kama mawimbi, hata urefu wa jengo haumwelemei mtazamaji. Ukumbi una mwanga wa kutosha na mbao zinazopendeza kushika, ingawa kuutembea mwisho hadi mwisho ni taabu kwa mzee mwenye mizigo. Halmashauri ilikusudia kulibomoa jengo hili. Nashukuru kwa dhati kwamba mwaka 2013 liliorodheshwa kulindwa kisheria, kisha likakarabatiwa, na mabasi bado yanaingia.