Express 5 kwa API ya oda: makosa inayakamata, vichwa vya jibu ni juu yako

Kwa API ya oda za vipuri hapa Lubumbashi, ambako wateja karibu wote wako kwenye simu na mega za kununua, naipa Express 5, fremu ya kujenga seva kwa JavaScript, nyota nne kwa tano. Inataka Node (kinachoendesha JavaScript kwenye seva) 18 kwenda juu.

Kilichonihamisha toka toleo la 4 ni kimoja. Kule, fankisheni ya async (inayongoja kazi kama ya database) ikianguka bila try na catch za kukamata kosa, Express haipati habari: ombi linaning'inia na simu ya mteja inazunguka tu, au Node nzima inazimika. Toleo la 5 linapeleka kosa lenyewe kwa kishika makosa (error handler), fankisheni inayomjibu mteja kosa likitokea. Kosa lililotupwa ndani ya setTimeout (kazi iliyocheleweshwa) ndilo bado linaponyoka. Hilo lipeleke mwenyewe kwa next, fankisheni ya Express ya kupitisha kosa mbele.

Kishika makosa kikae chini ya ruti (njia za API) zote, na kiwe na vigezo vinne (err, req, res, next) hata kama next huitumii. Ukiweka vitatu, kinahesabiwa midolweya (fankisheni ya kati inayopitiwa na ombi) ya kawaida na makosa yanakipita bila hodi. Usipokiandika kabisa, cha ndani ya Express kinajibu kwa HTML: programu ya simu iliyongoja JSON inakuta alama ya < mwanzoni, nayo inaanguka. Nyota ya tano imepotelea hapo.

Vichwa vya jibu (headers, maelezo yanayotangulia jibu lenyewe) ndivyo vinavyosumbua. Vikishatoka, 200 (sawa) haigeuki tena kuwa 500 (kosa la seva). Ukilazimisha unapata ERR_HTTP_HEADERS_SENT. Mara nyingi ni return iliyosahaulika baada ya res.json. Kwa hiyo kishika makosa kianze kwa kuangalia res.headersSent, ikiwa kweli, rudisha kosa kwa next, Express ifunge muunganisho.

Kuna mtego mwingine: kishika makosa cha ndani husoma err.headers, cha kwako hakisomi. Umeweka Retry-After (rudi baada ya muda huu) ya sekunde 30 kwenye kosa la 503 (seva haipatikani kwa sasa)? Haifiki mpaka uandike res.set mwenyewe. Na tovuti ikiwa kwenye domeni nyingine, JavaScript ya kivinjari haiioni mpaka uitaje kwenye Access-Control-Expose-Headers.

x-powered-by, kichwa kinachotangaza kuwa unatumia Express, izime, mstari mmoja tu. Kwenye 404 (hakipatikani) ongeza Cache-Control: no-store, yaani usihifadhi, kwa sababu kashe (hifadhi ya muda ya majibu) ina ruhusa ya kuitunza 404 hata bila kuambiwa, na kipuri ulichoingiza asubuhi kinaweza kuonekana hakipo hadi jioni.