Uzoefu wangu Colmar: boti sawa, lakini msiikose madhabahu ya Isenheim

Colmar ni mji mdogo wa Alsace, mashariki mwa Ufaransa, treni nusu saa hivi kutoka Strasbourg. Mitandaoni husifiwa kwa nyumba zake za mbao za rangi rangi na mfereji wanaouita Venice Ndogo. Panapendeza kweli, ila pakijaa watu hata pa kusimama upige picha hupati. Kiboti nilichopanda kilikuwa ghali kwa mzunguko mfupi vile, na maelezo yaliishia kwa waliokaa mbele.

Pesa iliyonitoka bila kuniuma ni ya makumbusho ya Unterlinden, ndani ya konventi ya zamani ya masista Wadominiko. Hapo ndipo ilipo madhabahu ya Isenheim, yaani seti ya mbao za picha za kupamba altare, iliyochorwa na Matthias Grünewald kati ya 1512 na 1516. Mbao zake zimetenganishwa, unazizunguka mbele na nyuma. Aliyezoea zile picha za Yesu za sebuleni kwetu, msafi, tone moja la damu, atashtuka. Huyu wa hapa, msalabani, vidole vimekakamaa, mwili mzima vidonda, na miiba imenasa kwenye ngozi.

Picha hii ilichorewa watawa wa Mtakatifu Antoni, waliokuwa wakiuguza watu kule Isenheim, kijiji kusini mwa Colmar. Wagonjwa wao wengi walikuwa wamekula mkate wa rai, nafaka ya jamii ya ngano, iliyoingiwa na kuvu. Sisi tunaoonywa kila mara kuhusu sumukuvu ya mahindi hatuhitaji maelezo marefu. Sumu ilibana mishipa ya damu, viungo vikawaka maumivu, vikawa vyeusi, hata vikakatwa. Mtu wa hali hiyo akiletwa mbele ya picha hii alimkuta Kristo mwenye ngozi kama yake. Kwenye ubao ambapo mashetani wanamburuta Antoni, tazameni chini kushoto: kuna mtu tumbo limevimba, majipu kila mahali. Wageni wengi niliowaona walimpita tu.

Sehemu mpya iliyoongezwa 2015 ni nzuri, nami niliipita haraka.

Bartholdi, aliyebuni Sanamu ya Uhuru ya New York, alizaliwa mjini humu 1834. Nakala ya sanamu hiyo, ya meta 12, imesimama kwenye kipilefti upande wa kaskazini, mbali na katikati ya mji. Kama mnakuja kwa gari mtaiona njiani. Kwa miguu, sishauri.