Mwaka mmoja ndani ya chama cha wenye kambi za watalii: uzoefu wangu

Kwanza mjue nina nini, ili mtu mwenye hoteli asije akasoma haya akadhani yanamhusu. Nina ekari mbili na ushee nje ya Msalato, upande wa barabara ya Kondoa. Ina mibuyu minne, kisima kirefu chenye maji ya chumvichumvi, vyoo vinne, bafu mbili na banda la kupikia. Chumba sina hata kimoja. Mgeni wangu anakuja na kitanda chake: hema la kusimika chini, hema la juu ya gari, au lori zima lililogeuzwa nyumba, lenye jiko, friji na pazia. Mimi namuuzia kivuli, maji, umeme, choo na mlinzi asiyesinzia. Shilingi 20,000 kwa kichwa, asubuhi anaondoka.

Biashara hii kwa Dodoma imeletwa na lami. Tangu barabara ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, izinduliwe mwaka 2018, mtu anayetoka Malawi kupitia Mbeya na Iringa halazimiki tena kuzunguka Morogoro na Chalinze ndipo afike Arusha. Anakatiza Mtera, analala Dodoma, kesho yake anachepuka Kolo kuangalia michoro ya miambani ya Kondoa ambayo UNESCO waliitambua kuwa urithi wa dunia mwaka 2006, na kabla giza halijaingia yuko Babati. Hapo kwenye "analala Dodoma" ndipo ugali wa watoto wangu unapotoka.

Sasa chama. Sitakitaja jina, kwa kuwa nina maneno nacho na wengine mle ndani ni majirani zangu wa kazi. Nilijiunga kwa sababu moja tu: niliambiwa majina ya wanachama yanawekwa kwenye orodha inayosomwa na wageni duniani kote. Nikaona wateja wanamiminika. Kiingilio shilingi 150,000, ada ya mwaka 300,000, na risiti nilipewa ya mashine, hilo niwapongeze.

Balaa lilianza kwenye fomu. Kipengele cha nne kinauliza: "Idadi ya vyumba." Nikaandika sifuri. Fomu ikarudi. Dada wa ofisini akanipigia kwa upole kabisa: "Mzee wangu, mfumo haukubali sifuri, kima cha chini ni vitano." Nikamwambia mwanangu, mimi ni mtu wa kambi, na ninyi mnajiita chama cha watu wa kambi, sasa hivyo vyumba vitano nivitoe wapi? Tulibishana siku tatu. Mwisho tukakubaliana mibuyu minne na banda la jiko vihesabiwe vitano. Kwenye kumbukumbu za chama hadi leo nina vyumba vitano, na kimojawapo kinaangusha mabuyu.

Ile orodha ya wageni wa dunia nzima? Kwa mwaka mzima wamenifikia watu wawili kupitia hiyo, na mmoja alikuwa anatafuta ukumbi wa semina. Wengine wote wanakuja kwa iOverlander, ile programu ya simu ambayo wasafiri wenyewe wanaandikiana wapi pa kulala na wapi maji ni safi, au wanaelekezwa na mwenye kambi waliyolala jana yake. Kwa hiyo kama unajiunga kutafuta wateja, pesa hiyo kanunue rangi ya bango lako la barabarani.

Lakini sijatoka, na ngoja nieleze kwa nini.

Julai ya mwaka jana, kipindi kile cha upepo na baridi, aliingia mzee wa Kiholanzi na mkewe na lori refu. Akashuka ameshika waya mnene, mwisho wake kuna plagi ya bluu ya duara yenye pini tatu za mviringo. Mimi soketi zangu ni hizi zetu za ukutani, za pini bapa. Kijana wangu, Mungu ampe maisha marefu, akasema hilo dogo. Akachukua ekstensheni, akakata plagi, akazichuna nyaya, akazichomeka tupu kwenye soketi na kuzikaza kwa njiti za kiberiti, kama tunavyofanya nyumbani tangu tuko wadogo. Mzee akasimama anaangalia zile njiti. Hakusema kitu. Akaukunja waya wake pole pole, akaurudisha garini, wakalala kwa betri zao. Saa kumi na mbili asubuhi walikuwa wameshaondoka, na siku mbili baadaye nikausoma mkasa wa njiti za kiberiti, umeandikwa kwa adabu, mbele ya kila msafiri anayepita Tanzania.

Nikaweka picha ya ile soketi kwenye grupu la WhatsApp la wanachama nikiuliza plagi ya bluu inauzwa wapi. Mwanachama mmoja wa Iringa alinipigia papo hapo, hata salamu hakumaliza. "Kaka, wewe utaua mtu." Kisha akanifundisha saa nzima, bure. Kwamba magari ya Ulaya karibu yote yanatumia hiyo plagi ya bluu ya ampea 16, na soketi yake ina kifuniko cha kuzuia mvua na vumbi. Kwamba kila soketi iwe na breka yake, na juu ya hiyo niweke kikata umeme cha miliampea 30, kile kinachoruka umeme ukianza kuvuja, kabla haujamshika mtu aliyekanyaga majani yenye umande. Kwamba Mmarekani akija na gari la kwao nisimchomeke hovyo, kwa sababu kwao umeme ni volti 120 na wetu ni 230, nitamuunguzia kila kitu mpaka friji.

Alinitumia na fundi wake, nikalipa nauli na siku mbili za kazi. Huyo fundi jambo la kwanza hakugusa soketi, alipima ethi, ile njia ya kushusha ardhini umeme unaovuja. Udongo wetu wakati wa kiangazi unakauka kama tofali la kuchoma, umeme haupati njia ya kushuka, kwa hiyo ule ufito mmoja wa ethi niliokuwa nao ulikuwa pambo. Akapigilia mitatu, na akachagua kando ya mfereji wa maji ya bafu ambako chini kuna unyevu mwaka mzima. Mafundi watatu wa hapa mjini walishapita kwangu na hakuna aliyewahi kuniuliza habari ya ethi. Kwa hilo peke yake ada yangu ilirudi, na chenji ikabaki.

La pili ni la choo, nitalisema kwa kifupi, nyie mnakula. Malori haya yana choo cha kaseti, sanduku ambalo mgeni analichomoa na kwenda kulimwaga. Ndani kuna dawa ya bluu ya kuua harufu. Nilikuwa nawaachia wamwage kwenye shimo la vyoo vyangu, mpaka shimo likaanza kunuka kuliko zizi. Mama mmoja mwenye kambi upande wa Babati akanieleza: dawa ile inaua wadudu wanaosaga uchafu, shimo linakufa. Nikachimba la pembeni kwa ajili ya kaseti pekee. Harufu iliisha.

Kwa hiyo thamani yote niliyoipata imetoka kwa wanachama. Ofisi yenyewe, ukiniuliza, wanaijua zaidi Kaskazini. Vikao vitatu vya mwaka vyote vilifanyika Arusha, na mtu wa Dodoma kwenda kikao cha nusu siku anapoteza siku tatu, halafu ajenda nusu yake ni mambo ya geti la hifadhi ambalo mimi silioni. Nilipoomba kimoja kije Dodoma, makao makuu ya nchi, treni ya SGR toka Dar inaingia tangu 2024, niliambiwa wazo limepokelewa. Bado wamelishika.

Halafu kuna ule mwongozo. Tuligawiwa kitabu cha viwango vya kambi, na ukikisoma unaona kimechukuliwa Marekani mzima mzima. Wenzetu wa kule wana chama cha tangu 1966, ambacho mwaka 2023 kilibadili jina kikaitwa OHI, yaani Outdoor Hospitality Industry, na kwenye kambi zao viegesho vingi vina umeme, bomba la maji safi na bomba la maji taka. Kwao viwango hivyo vina maana. Mimi nasoma habari ya soketi za ampea 50, nafungua ukurasa wa mbele nakuta namna ya kulinda mabomba yasipasuke kwa barafu. Dodoma! Niliwaonyesha wazee wa Kigogo waliokuja kuuza kuni, mmoja akauliza kama hicho kitabu kinasema lolote kuhusu mbuzi wa jirani kula kamba za hema. Hakisemi, na hilo ndilo linanisumbua kila wiki.

Kwenye makaratasi walinisaidia kiasi. Leseni ya biashara ya utalii ilinichanganya, wakanipa mtu aliyejua fomu ipi inatangulia ipi, nikaokoa safari kadhaa.

Ninayemshauri ajiunge ni mtu mwenye kambi ndogo, yuko peke yake, na anapata magari angalau mawili kwa wiki. Ukishaingia, usingoje ofisi ikutafute. Uliza kwenye grupu, weka picha hata ya aibu, mpigie simu jirani wa barabara ile ile. Siku hizi Iringa wakimlaza mgeni wananiandikia asubuhi, "lori mbili za Wajerumani, mmoja hali nyama," na mimi nawaandikia Babati. Mwenye nyumba ya wageni ya kawaida, mwenye vyumba na mashuka, hapa sioni atakachopata, aende kwa wenye hoteli wenzake.

Ada ya mwaka wa pili nimelipa wiki iliyopita, safari hii bila kubishana habari ya vyumba. Juzi nikapokea bahasha kutoka ofisini. Ni cheti cha mwaka wa kwanza, kimeisha muda wake, na jina langu wamelikosea herufi moja. Nimekibandika bandani, juu ya soketi ya bluu.