Kipimo cha Down cha wiki ya 12: uzoefu wangu katika kliniki moja ya Upanga

Nina miaka 38 na hii ni mimba yangu ya tatu. Kliniki ya mtaani kwetu Sinza walinipima presha, wingi wa damu, mkojo, VVU na kaswende, na walifanya vizuri. Kuhusu kromosomu za mtoto, yaani vibeba vinasaba vyake, hakuna aliyegusia. Ultrasaundi ya kwanza niliyopiga kwingine iliisha kabla sijatulia kitandani: "mtoto mzima, mapigo yapo," nikapewa picha nikatoka.

Mtoto wa shangazi yangu ana hali ya Down, ile inayotokana na kromosomu moja ya ziada. Tumekua naye, nampenda, na sikwenda kupima ili nitafute sababu ya kumkataa mtoto. Nilitaka kujua mapema. Karibu nusu ya watoto wenye Down huzaliwa na tatizo la moyo, na hapa Dar tunayo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Mama anayejua mapema hujipanga ajifungulie wapi.

Kipimo chenyewe ni mchanganyiko. Kuna ultrasaundi kati ya wiki ya 11 na wiki ya 13 na siku 6, ya kupima maji ya nyuma ya shingo ya mtoto (yakiwa mengi, uwezekano wa Down hupanda), halafu damu ya mama hupimwa homoni ya mimba na protini ya kondo iitwayo PAPP-A, na vyote hukokotolewa pamoja na umri wako.

Mpimaji ndiye aliyenifanya niandike haya. Mtoto alikuwa amejikunja, kidevu kifuani, na dada yule akanieleza kwamba akipima hivyo, maji ya nyuma ya shingo yataonekana pungufu kuliko yalivyo. "Mama, kohoa kidogo." Nikakohoa, wapi! "Basi inuka, tembea hapo koridoni, urudi." Niliporudi mtoto kageuka. Akaikuza picha mpaka kichwa na kifua vikajaa skrini nzima, akapima na kurudia, akachukua namba kubwa kuliko zote: milimita 1.6. Urefu wa mtoto toka utosini hadi matakoni ulikuwa milimita 62. Ukiwa chini ya 45 au zaidi ya 84, kipimo cha shingo hakitumiki. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kazi hii haifanywi mbiombio.

Majibu alinipa daktari mwenyewe, mlango umefungwa, baba watoto yupo. Kwa umri wangu peke yake uwezekano wa mtoto kuwa na Down ulikuwa kama 1 kati ya 120; baada ya vipimo ukawa 1 kati ya 640. Hakusema "mtoto yuko salama." Alisema: "Wakiwa wajawazito 640 wenye majibu kama yako, mmoja wao atakuwa na mtoto mwenye Down." Akaongeza kwamba kipimo hiki hunasa mimba kama 90 kati ya kila 100 zenye Down, na huwatia hofu bure wanawake kama 5 kati ya 100 ambao watoto wao hawana tatizo. Kipo pia kipimo cha damu kinachosoma vinasaba vya kondo kuanzia wiki ya 10, ambacho hunasa zaidi ya 99 kati ya 100, ila pale kwao sampuli husafirishwa nje ya nchi na bei yake ni kubwa mno. Hicho nacho si jibu la mwisho. La mwisho hutoka kwenye kondo lenyewe au maji ya uzazi, yakichukuliwa kwa sindano. Tukaamua kuishia hapo.

Lililoniudhi ni mapokezi. Mhudumu aliniita kwa sauti mbele ya watu wote, "Mama wa kipimo cha Down!" Hiyo ni siri ya mtu jamani. Fomu ya ridhaa nayo ni Kiingereza kitupu. Mama niliyekaa naye benchi alisaini bila kusoma hata mstari mmoja. Hilo halisubiri mashine mpya, ni kuiandika kwa Kiswahili tu. Na bei, bima yangu haikugusa hata shilingi.

Nawapa nyota nne, ya tano nimeizuia kwa ajili ya mapokezi na ile fomu. Ukitaka kwenda, weka miadi mara tu ujauzito ukithibitika, na beba tarehe ya hedhi yako ya mwisho pamoja na picha ya ultrasaundi ya kwanza kama unayo. Ukipitiliza wiki ya 14 bado kuna kipimo cha damu peke yake, lakini hicho hunasa wachache zaidi, kama 80 kati ya 100.